Wajumbe wa Ayubu Walilala Wapi?

Mpenzi msomaji, chukua Biblia yako, ufungue kitabu cha Ayubu, mlango wa 1, tangu mustari wa 13. Siku moja tu, wajumbe 4 wanakuja kwa Ayubu. Wa kwanza analeta habari ya ng'ombe na punda walionyang'anywa, na watumishi waliouawa kwa upanga. Hajamaliza kusema, wa pili anaingia: moto umeteketeza kondoo pamoja na wachungaji wao. Wa tatu anafika: ngamia wametekwa na watumishi wameuawa. Wa nne analeta habari iliyo kali kupita zote: upepo umeangusha nyumba, na watoto wa Ayubu wamekufa ndani.

Kila mmoja wao anamaliza kwa kusema kwamba katika wote ni yeye tu aliyepona, ndiyo maana amekuja. Kisha hatusikii tena habari yao. Ayubu anapasua nguo yake, rafiki zake wanakuja, wanazungumza milango mingi. Lakini wale 4 walioona kwa macho yao wenyewe, hakuna mtu anayewauliza neno.

Mimi nimehubiri juu ya Ayubu mara nyingi, kanisani na kwenye vilio. Sikuwaza hata siku moja juu ya wale wajumbe. Aliyenifungua macho ni kijana mmoja wa kanisa letu.

Kijana wa redio

Huyu kijana anaimba ndani ya korali, naye anafanya kazi kwa redio moja ya mji. Sitataja jina lake wala jina la redio. Ameniruhusu nieleze habari yake juu inaweza kusaidia wengine. Kazi yake ni kusoma habari za jioni na, kiisha habari, matangazo ya vifo. Unajua mwenyewe vile redio zetu zinavyosoma: jina la marehemu, majina ya jamaa, avenue na namba ya nyumba ya kilio, saa ya kwenda makaburini.

Wiki moja shimo la wachimbaji lilianguka. Yeye ndiye aliyetumwa kule. Alikaa siku 2 kando ya shimo, akiona vile walivyokuwa wakitoa watu mmoja mmoja. Aliwawekea wamama mikro mbele ya kinywa na machozi yalikuwa hayajakauka. Kisha akarudi studio kusoma majina. Katikati ya orodha alikuta jina la mtu waliyekaa naye banki moja kwa masomo ya msingi. Akalisoma, akaendelea mpaka mwisho, sauti haikutetemeka. Mkubwa wake akamsifu. Kesho yake akamtuma kwenye aksida ya gari kwa barabara kubwa.

Mwezi mmoja ulipopita, mke wake akaja kuniona. "Baba Pasta," akasema, "bwana yangu halalake tena. Anaamka usiku, anatoka inje, anaikala pa mlango mpaka asubui. Batoto bakicheka, anakasirika. Na sasa anaanza kunywa pombe, yeye mwenye hakuikunywaka."

Nilimwita. Naye alipoanza tu kueleza, nilimjibu namna sisi wachungaji tunavyozoea kujibu: "Omba sana, ndugu yangu, Mungu atakusaidia." Alitikisa kichwa, akaaga, akaenda. Wiki 3 hatukumuona kanisani. Ndugu msomaji, nakuambia waziwazi: nilikosa. Kuomba ni vizuri, lakini mimi nilitumia neno la maombi ili kufunga mazungumzo. Niliogopa kusikia.

Nilimfuata nyumbani kwake. Tulikaa chini ya mwembe ndani ya lupango, na mara hii nilinyamaza. Kiisha muda mrefu akasema: "Baba Pasta, mi niko nasoma tu majina. Bantu banasikia, banalia, kiisha banafunga redio. Mi, nani atanifunga?" Akaongeza: "Bale bajumbe ba Ayubu, ile usiku balilala wapi?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nilianza kutafuta, kusoma na kuuliza. Ninayoandika hapa ni yale niliyoyaona.

Habari haiji yenyewe

Sisi watu wa miji ya machimbo tunazoea habari mbaya. Tarehe 27 mwezi wa 6, 2019, udongo uliporomoka katika machimbo ya KOV, karibu na Kolwezi, ukafunika makumi ya wachimbaji wadogo. Tarehe 11 mwezi wa 9, 2020, mvua kubwa ilinyesha Kamituga, katika Kivu ya Kusini, na mashimo ya zahabu yakawafunga watu ndani. Mwezi wa 5, 2023, mito ilifurika Kalehe, ikabeba vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na watu waliokufa walipita 400.

Wewe ulisikia habari hizi pengine ukiwa mezani, bukari mbele yako. Ukasema, "Ee Mungu!" Ukasikitika kweli. Lakini je, uliwaza kwamba habari ile haikuja yenyewe? Mtu alipanda pikipiki, akafika pale, akanusa, akaangalia, akahesabu, akauliza, akaandika. Mtu alisikia kilio cha mama kwa masikio yake, akachagua sekunde 20 za kilio kile ili wewe usikie. Zile saa nyingine zote za kilio zilibaki ndani yake.

Mtu wa foto wa Johannesburg

Katika kutafuta kwangu nilikuta habari ya Kevin Carter, mzungu wa Afrika ya Kusini. Alizaliwa mwaka 1960 Johannesburg, mji uliojengwa juu ya zahabu sawa miji yetu ilivyojengwa juu ya shaba. Alianza kazi kwa kupiga foto za michezo. Lakini miaka ile ya ubaguzi wa rangi, nchi yake ilikuwa inawaka, naye akaanza kupiga foto za mauaji.

Kati ya 1990 na 1994 watu wa mitaa ya weusi, kama Thokoza, walipigana na watu wa hosteli, yaani yale majumba ya wafanyakazi waliotoka mbali na jamaa zao. Carter na rafiki zake 3, Ken Oosterbroek, Greg Marinovich na João Silva, waliamka alfajiri karibu kila siku wakaenda kule kwenye risasi. Wanne hao walijulikana sana. Foto zao zilionyesha dunia mambo ambayo wakubwa wa nchi hawakupenda yaonekane. Lakini mtu akiona watu wanauawa mbele yake asubuhi, je, jioni atakula namna gani? Carter alianza kutumia dawa za kulevya.

Mwezi wa 3, 1993, alikwenda Sudan ya Kusini pamoja na Silva. Kule Ayod kulikuwa njaa ya vita. Aliona mtoto mdogo ameinama chini, hana nguvu, na nyuma yake tai amesimama. Akapiga foto. Kisha akamfukuza yule ndege. Gazeti la New York Times lilitoa foto hiyo tarehe 26 mwezi wa 3, 1993, na dunia nzima ikaiona. Watu wengi walipiga simu na kuandika barua: mtoto alikuwa namna gani? Na wengi wakamshitaki mwenye foto: wewe ulipiga foto, kwa nini hukumbeba mtoto?

Mwaka 1994 mambo yalifuatana sawa wajumbe wa Ayubu. Mwezi wa 4, Carter alipewa tuzo kubwa ya Marekani inayoitwa Pulitzer kwa foto ile. Siku chache tu nyuma, tarehe 18, Ken Oosterbroek alipigwa risasi Thokoza akafa, na Marinovich akajeruhiwa vibaya. Carter hakuwa pale saa ile. Mwezi wa 5 alikwenda New York kupokea tuzo, watu wakampigia mikono. Tarehe 27 mwezi wa 7, 1994, alijiua. Alikuwa na miaka 33. Aliacha mtoto mmoja msichana. Katika barua aliyoacha alieleza kwamba hana pesa, kwamba anaona tena na tena maiti na watu wanaouawa, na kwamba anatamani kumfuata Ken.

Tusiseme kwamba foto moja ilimuua. Mtu anapofika pale, ni mizigo mingi imekutana: deni, dawa za kulevya, kifo cha rafiki, mambo aliyoyaona miaka 10, na maneno ya watu. Lakini jifunze hili. Mwaka 2011 mwandishi mmoja wa gazeti la Uhispania alikwenda Ayod kutafuta yule mtoto. Alikuta kwamba alikuwa mvulana, kwamba alikuwa ameandikwa tayari kati ya watoto wanaopewa chakula cha msaada, na kwamba hakufa ile njaa. Aliishi miaka mingi nyuma ya foto ile. Wengi waliomhukumu mjumbe hawakujua habari yenyewe. Waliona foto tu, wakatosheka.

Wale wanaoondoka na wale wanaobaki

Mwezi ule ule Carter alipokufa, waandishi wa dunia walikuwa wamejaa Goma kwetu. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalikuwa yamekwisha kuangamiza mamia ya maelfu ya watu, na sasa wakimbizi wengi sana walikuwa wamevuka mpaka siku chache tu. Kolera na kuhara damu vikaingia. Kwa mwezi mmoja, watu karibu 50.000 walikufa juu ya ile udongo ya volkano, pahali ambapo hata kuchimba kaburi ni shida. Wenye umri kama wangu wanakumbuka.

Mmoja wa waandishi wa Rwanda wakati ule alikuwa Fergal Keane wa BBC, mtu wa Ireland. Yeye na wenzake waliingia Nyarubuye, kwenye kanisa ambamo watu walikuwa wamekimbilia wakidhani watapona, wakauawa humo. Aliandika kitabu juu ya Rwanda, akapata sifa, akaendelea kwenda vita hii na ile. Ilipita miaka zaidi ya 25. Mwezi wa 1, 2020, BBC ilitangaza kwamba anaacha cheo chake cha mwandishi mkubwa wa habari za Afrika, kwa sababu ya ugonjwa unaotokana na mambo makali aliyoyaona. Yeye mwenyewe alikubali watu wajue. Mwaka 2022 akatoa kitabu kingine, na safari hii akaeleza ugonjwa wake, na namna alivyokunywa pombe, na namna vita vilivyomvuta arudi tena na tena, hata alipojua vinamuharibu.

Ninamsifu kwa ukweli huo. Lakini angalia tofauti. Mwandishi wa kigeni akimaliza, anapanda ndege. Wetu anarudi nyumbani kwa mguu. Waliokufa ni jirani zake. Muuaji pengine anapita mbele ya nyumba yake. Radio Okapi ilianza kusikika tarehe 25 mwezi wa 2, 2002, na wengi wetu tunaisikiliza, ikisema Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Kule Bukavu redio hiyo ilipoteza waandishi wake 2. Serge Maheshe aliuawa kwa risasi tarehe 13 mwezi wa 6, 2007. Didace Namujimbo aliuawa tarehe 21 mwezi wa 11, 2008. Wenzao walilia, wakazika, kisha wakarudi mbele ya mikro, wakasoma habari ya kifo cha rafiki yao wenyewe. Juu ya redio haiwezi kunyamaza.

Waganga waliona nini

Kuna wandugu wanaosema, "Mwanaume hawezi kulia. Huyo ni mzaifu. Huyo hana imani." Tuulize wale waliochunguza.

Tangu mwaka 1980 waganga wa Marekani wameweka katika kitabu chao cha magonjwa ugonjwa unaokuja nyuma ya kuona au kupatwa na jambo la kutisha. Mwanzoni waliuona sana kwa askari waliotoka vita ya Vietnam. Kwetu, kule Kivu zaidi, watu wanauita trauma. Dalili zake si siri: yale aliyoyaona mtu yanarudi usiku katika ndoto, na mchana bila kuitwa, anakwepa fasi au watu wanaomkumbusha, anashituka kwa mlio mdogo, anakasirika bure, hasikii tena furaha wala huzuni, sawa moyo umekauka.

Mwaka 2002 munganga mmoja wa Canada, Anthony Feinstein, alitangaza uchunguzi wake juu ya waandishi 140 waliofanya kazi vitani. Alikuta kwamba karibu 29 kwa 100 walikuwa wamepata ugonjwa huo wakati fulani wa maisha yao. Aliwalinganisha na waandishi 107 wasiokwenda vitani. Wale wa vita walikunywa pombe kupita wenzao, na huzuni nzito iliwapata zaidi. Na neno lililonisikitisha zaidi ni hili: hata vile, hawakwenda kutafuta matunzo kupita wale wengine. Waliumia, wakanyamaza, wakaendelea na kazi.

Basi hatuwezi kusema hawa ni wazaifu. Yeremia alikuwa nabii wa Mungu, na alitamani macho yake yawe chemchemi ili alie mchana na usiku juu ya watu wake waliouawa. Habakuki alimuuliza Mungu kwa nini anamuonyesha uovu. Mjumbe anayelia hajaacha imani. Pengine analia juu moyo wake ungali nyama, haujageuka jiwe.

Na wewe, kijana mwenye simu?

Sasa nageuka kwako, kijana. Pengine unawaza, "Mimi si mwandishi wa habari." Ngoja kwanza. Zamani, ili kupiga foto ya maiti, ilitakiwa mtu awe na apareyi na filamu. Leo simu iko mfukoni mwako. Gari likianguka, shimo likiporomoka, mwizi akipigwa na watu, kabla hata msaada haujafika, simu 10 zimekwisha kuinuliwa. Kiisha dakika 5, video iko ndani ya WhatsApp, katika kikundi cha jamaa, cha kalasi, hata cha korali. Wewe umekuwa mjumbe, na hakuna aliyekufundisha kazi hiyo.

Munganga yule yule Feinstein, pamoja na wenzake, alitangaza mwaka 2014 uchunguzi wa waandishi 116 wasiotoka ofisini. Kazi yao ilikuwa kuangalia video na foto zinazotumwa na watu kutoka fasi za vita na maafa, ili wachague zipi zitolewe. Walikuwa wameketi kwa kiti, mbali na risasi. Hata vile waliumia. Na kilichowaumiza zaidi ni kuangalia mara nyingi, siku kwa siku, kupita urefu wa saa walizokaa wakiangalia.

Umesikia? Jicho halijui kwamba ni video tu. Sasa hesabu: juma hili umeangalia maiti ngapi ndani ya simu yako? Na mdogo wako anayekuomba simu jioni ili acheze, amekuta nini ndani? Na ule mama wa marehemu, kama ameona mwili wa mtoto wake ndani ya simu ya jirani kabla ya mtu kumkalisha chini na kumwambia kwa upole? Jambo hilo limetokea katika miji yetu, na tunalijua.

Sisemi usifunge macho mbele ya uovu, wala sisemi foto zote ni mbaya. Foto ya Carter iliamsha watu wengi juu ya njaa ya Sudan. Foto inaweza kuwa shahidi mbele ya hakimu. Lakini kabla ya kuinua simu, jiulize maneno 3. Je, kuna mtu ninayeweza kumsaidia kwanza kwa mikono yangu? Je, nitatuma hii kwa nani, na itamsaidia nini? Je, kama huyu angekuwa ndugu yangu wa tumbo moja, ningetaka atumwe hivi?

Keki, maji, usingizi

Nilimtafutia kijana wangu wa redio jibu katika Biblia, na nililipata, si kwa Ayubu, lakini kwa Eliya, katika 1 Wafalme mlango wa 19. Eliya ameona damu nyingi. Amekimbia. Anaketi chini ya mti katika jangwa, anamuomba Mungu afe. Nabii mzima anaomba kufa!

Angalia Mungu anafanya nini. Hamkaripii. Hamwambii, "Imani yako iko wapi?" Anamuacha alale. Kisha malaika anamgusa, anampa mkate na maji. Anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula. Nyuma ya hayo, pale Horebu, ndipo Mungu anamuuliza anafanya nini pale, na anamuacha aeleze yote, tena mara 2, kwa maneno yaleyale. Mwishoni anampa mwenzake, Elisha, ili asifanye kazi peke yake.

Mimi mchungaji nilikuwa nimeanza na mahubiri. Mungu alianza na mkate na usingizi. Basi, kutokana na hayo, nawapa mashauri.

Kwa mke, bwana au mzazi wa mtu wa habari: akirudi kutoka fasi ya kilio, usimuulize kwanza "Wamekufa wangapi?" Mpe maji aoge, mpe chakula, muache apumzike. Kisha muulize, "Na wewe, umerudi namna gani?" Akisema, sikiliza. Akinyamaza, kaa karibu naye.

Kwa wakubwa wa redio na magazeti: usimtume mtu mmoja kwenye kila kilio. Leo huyu, kesho mwingine. Aliyetoka kwenye mashimo, mpe siku chache za habari za shule, za soko au za mpira. Na muketi pamoja kiisha kazi, mzungumze yale mliyoyaona. Hiyo haiombi franka hata moja.

Kwa mwandishi mwenyewe: pombe haifuti foto iliyo ndani ya kichwa. Tafuta mtu mmoja unayemuamini, umwambie. Kama mwezi umepita na hulali, nenda kwa munganga. Lubumbashi kuna hospitali ya Joseph Guislain, Bukavu kuna SOSAME. Kule wanajua kutunza magonjwa ya aina hii. Ndiyo, zilianzishwa na Ndugu wa Karita, watawa wa Kanisa Katoliki. Msamaria alipomfunga vidonda yule mtu wa barabarani, hakumuuliza anasali wapi. Na sisi Waprotestanti tusione haya kugonga mlango wao. Tena kwenda kule si wazimu, sawa vile kwenda kufunga plasta mguu uliovunjika si aibu.

Kwa kila mtu: ukisikia ndugu anasema amechoka kuishi, usicheke, usimwambie tu "Usiseme vile." Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo, kunamfungulia mlango. Usimuache peke yake, mumpeleke kwa munganga siku ile ile.

Kwa kanisa: tunaombea jamaa za marehemu, na ni vizuri. Tuombee pia kwa majina wale waliobeba habari: mwandishi, mtu wa Msalaba Mwekundu, muuguzi wa morgue, dereva wa ambulansi, mchimbaji aliyetoa wenzake chini ya udongo. Na kiisha kuomba, tuwatembelee. Paulo anatuambia tubebeane mizigo. Hakusema tuangalie mwenzetu akibeba.

Kijana wetu leo

Utaniuliza, na kijana wa redio? Alikwenda kwa munganga. Mke wake alimsindikiza. Mkubwa wake alikubali, kiisha kusukumwa kidogo, kwamba sasa watu 2 wagawane matangazo ya vifo, juma kwa juma. Ameacha pombe. Usiku fulani bado ni mizito, na anapopita kwenye barabara ile ya mashimo, anaangalia upande mwingine. Lakini amerudi korali, na watoto wanacheka tena nyumbani bila kuogopa.

Na mimi nimejifunza kitu kidogo. Jioni nikimsikia anasoma habari mbaya, ninangoja amalize, ninampigia simu. Simuulizi habari zaidi, nimekwisha kuzisikia. Ninamuuliza tu: "Mwanangu, leo utalala wapi?" Yeye anacheka, anajibu: "Kwangu, Baba Pasta. Niko nafika sasa hivi." Ninajua maana yake, naye anajua maana yangu.

Mpenzi msomaji, kwenye mtaa wako yuko mjumbe mmoja. Pengine unamjua kwa sauti tu. Mtafute juma hili.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika kikundi cha vijana

1. Someni Ayubu 1:13-19. Kama mngekuwa katika nyumba ya Ayubu, mngewafanyia nini wale wajumbe 4?

2. Kwa nini watu walimhukumu Kevin Carter haraka? Je, sisi tumewahi kumhukumu mtu kwa foto moja?

3. Ni video gani tutafuta leo ndani ya simu zetu, na ni zipi tutakataa kutuma?

4. Katika kanisa letu, ni nani anayeona mambo makali kwa kazi yake? Nani atamtembelea, na siku gani?